Vidole vinacheza, kiwiko hakikunjiki: uchambuzi wa kisa cha mkono uliopooza baada ya ajali

Kijana wa miaka 24 alianguka na pikipiki akiwa katika mwendo wa kasi. Alirushwa mbele, akatua kwa bega la kushoto, huku kichwa kikisukumwa kwa nguvu upande wa kulia. Kofia ngumu iliukinga ubongo. Pale alipopokelewa kwanza yalifanyika yale yanayopaswa kutangulia: walihakikisha anapumua vizuri, wakapiga picha za kichwa na shingo, wakakuta mtulinga wa kushoto umevunjika. Mkono ukafungwa kitambaa cha kuuning'iniza shingoni. Siku ya tatu akauliza mbona mkono hauinuki. Kwenye jalada ikaandikwa sentensi moja ya haraka: neva ya kwapa imeumia kwa mshtuko wa bega, asubiri, itarudi.

Wiki ya nne anafika kliniki ya neva. Mkono bado hauinuki, kiwiko hakikunjiki, lakini vidole vinacheza na ngumi inafunga. Kwa ajili ya vidole hivyo, yeye na ndugu zake wana imani kwamba mkono umeanza kupona. Haujaanza. Vidole havikupooza tangu mwanzo, na ukishaelewa kwa nini havikupooza umeshakielewa kisa kizima.

Niseme mapema kwamba mgonjwa huyu nimemtunga kwa ajili ya kufundishia, si jalada la mtu fulani. Dalili zake hata hivyo ni zile zinazokutwa pamoja, kwa mpangilio huu huu, kwa watu wengi wanaoanguka na pikipiki wakatua kwa bega.

Neva zinavyochanganyika kabla ya kufika mkononi

Ugwe mgongo, yaani ule uzi mnene wa fahamu unaopita ndani ya mfereji wa uti wa mgongo, hutoa jozi 31 za neva: 8 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, 5 za nyonga na 1 ya kitokono. Nyingi za kifua huenda moja kwa moja, kila moja ikifuata ubavu wake, bila kuchanganyika na nyingine. Shingoni, kiunoni na kwenye nyonga mambo ni tofauti. Huko matawi ya mbele ya neva za jirani hukutana, hugawana nyuzi, hutengana na kukutana tena kabla ya kutoka kama neva zenye majina tunayoyajua. Hiyo ndiyo mitandao mikuu ya neva za uti wa mgongo (C ni neva za shingo, T za kifua, L za kiuno, S za nyonga, na namba ni nafasi ya neva kuanzia juu): mtandao wa shingo kutoka C1 hadi C4, wa mkono kutoka C5 hadi T1, wa kiuno kutoka L1 hadi L4, na wa nyonga kutoka L4 hadi S4. Chini kabisa, kwenye kitokono, upo mwingine mdogo ambao kwa nadra sana humsumbua daktari.

Mtandao wa mkono ndio unaotuhusu. Mizizi yake mitano hutokea kati ya misuli ya pembeni mwa shingo na kuunda mashina matatu: C5 na C6 huungana kuwa shina la juu, C7 hubaki peke yake kama shina la kati, C8 na T1 huwa shina la chini. Nyuma ya mtulinga kila shina hupasuka mara mbili, tawi la mbele na tawi la nyuma. Matawi yote matatu ya nyuma huungana kuwa kamba ya nyuma, ambayo huhudumia misuli ya kunyoosha. Yale ya mbele huunda kamba ya nje na kamba ya ndani, za misuli ya kukunja. Kwapani kamba hizo hutoa neva tano kubwa: muskulokutania, kwapa, radiali, mediani na ulna.

Wanafunzi wengi hukariri mchoro huu usiku wa kuamkia mtihani na kuusahau baada ya wiki. Naona wanausahau kwa sababu hawajaambiwa unasaidia nini. Mtandao umepangwa hivi kwamba karibu kila msuli hupata nyuzi kutoka zaidi ya mzizi mmoja, na kila mzizi hugawa nyuzi kwa misuli mingi. Mzizi mmoja ukifa, misuli mingi hudhoofika na ni michache inayopooza kabisa. Neva moja ya mwisho ikikatwa, misuli michache hupooza kabisa na mingine yote hubaki salama. Kwa hiyo orodha ya misuli iliyolala, ikiwekwa kando ya orodha ya misuli iliyo macho, inaweza kukuonyesha mahali pa jeraha kabla hujaagiza kipimo hata kimoja.

Uchunguzi

Mkono wake unaning'inia ubavuni, umegeukia ndani, kiwiko kimenyooka, kiganja kinatazama nyuma. Umbo hilo peke yake linasema mengi. Duchenne wa Ufaransa alilieleza mwaka 1872 kwa watoto walioumizwa wakati wa kuzaliwa, na Erb wa Ujerumani akaonyesha mwaka 1874 kwamba chanzo chake ni pale C5 na C6 zinapokutana juu ya mtulinga. Mahali hapo hadi leo panaitwa kwa jina lake.

Nguvu ya misuli hupimwa kwa daraja la 0 hadi 5, ambapo 0 ni kimya kabisa na 5 ni nguvu kamili. Deltoidi, msuli mnene unaofunika bega, ni 0. Misuli miwili ya nyuma ya kombe la bega, ile inayoanzisha kuinua mkono na kuugeuza nje, ni 0. Baisepsi, inayokunja kiwiko, ni 0. Traisepsi, inayonyoosha kiwiko, ni 4. Vidole vyote, kukunja na kunyoosha, ni 5. Kifundo cha mkono kinainuka, lakini kinapoinuka kinapinda kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Ngozi ya nje ya bega, upande wa nje wa kigasha na kidole gumba vina ganzi. Kidole cha mwisho kinahisi kila kitu.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya jalada. Neva ya kwapa huhudumia deltoidi na ngozi ya nje ya bega. Ingekuwa imeumia yenyewe tu, kijana huyu angeshindwa kuinua mkono vizuri lakini angekunja kiwiko bila shida. Baisepsi ni ya neva ya muskulokutania, inayotoka kamba ya nje, ilhali neva ya kwapa hutoka kamba ya nyuma. Misuli ya nyuma ya kombe la bega nayo ni ya neva ya supraskapula, ambayo imeshachomoka kutoka shina la juu kabla hata kamba hazijaundwa. Neva tatu, njia tatu tofauti. Ama ziliumia zote tatu kila moja kivyake, jambo lisiloelekea, ama kuna mahali zote hupita pamoja. Ukirudi nyuma kwenye mchoro, mahali hapo ni shina la juu, au mizizi ya C5 na C6 yenyewe.

Kuna msuli mmoja unaolithibitisha hili vizuri kuliko mingine, na hupimwa kwa nadra. Brakioradiali ni msuli wa upande wa kidole gumba kwenye kigasha. Mwambie mtu akunje kiwiko huku kidole gumba kikitazama juu, kisha uzuie mwendo. Utauona ukijitokeza kama kamba chini ya ngozi. Unahudumiwa na neva ya radiali, ile ile inayohudumia traisepsi. Kwa kijana huyu traisepsi inafanya kazi lakini brakioradiali imelala, bapa, hakuna kinachojitokeza. Neva ni moja, basi kwa nini msuli mmoja ufe na mwingine uishi? Kwa sababu traisepsi hutegemea zaidi C7, na brakioradiali hutegemea C5 na C6. Kosa halimo kwenye neva ya radiali. Limo juu, kwenye kile kilichoingia ndani ya neva hiyo. Kupinda kwa kifundo cha mkono kunaeleza jambo hilo hilo: msuli wa kukiinua upande wa kidole gumba ni wa C6 zaidi, ule wa upande wa pili ni wa C7 na C8, kwa hiyo mmoja unavuta bila mwenzake.

Na hii ndiyo sababu vidole vinacheza. Misuli midogo ya kiganja na ile inayofunga ngumi hupata nyuzi zake kutoka C8 na T1 kwa wingi. Shina la chini halikuguswa. Bega lilisukumwa chini na kichwa kikaenda upande wa pili, kwa hiyo mvutano uliipata kwanza mizizi ya juu. Angeanguka huku ameng'ang'ania kitu juu ya kichwa, mvutano ungeanzia chini, na angekuwa na bega zima na kiganja kilichokufa.

Ndani ya fundo au nje ya fundo

Wengi wangeishia hapa: jeraha la shina la juu, mpeleke fiziotherapia, tusubiri. Hapa ndipo mimi naona kazi ngumu inapoanza, kwa sababu swali lenye uzito kuliko yote bado halijaulizwa. Je, mizizi imekatika ikiwa imeshatoka nje ya uti wa mgongo, au imeng'oka kwenye ugwe mgongo wenyewe?

Mti uliokatwa shina unaweza kuchipua, uliong'olewa na mizizi hauchipui, na neva hizi ziko hivyo hivyo. Mzizi uliokatika nje huacha kisiki ambacho bado kimeungana na ugwe mgongo. Kisiki hicho kina nyuzi hai zinazotafuta pa kwenda, na daktari wa upasuaji anaweza kukiunganishia kipande cha neva. Mzizi uliong'oka hauna kisiki. Hakuna cha kuunganishia, na kusubiri ni kupoteza muda ambao misuli haina.

Mpaka kati ya hali hizi mbili ni fundo la hisia, uvimbe mdogo wa seli uliokaa kwenye tundu la pembeni mwa pingili. Seli za nyuzi za hisia ziko ndani ya fundo hilo. Seli za nyuzi za kusukuma misuli ziko ndani ya ugwe mgongo.

Uchunguzi wa mpaka huu huanza kwa misuli inayopata neva zake mapema, karibu kabisa na uti. Romboidi, misuli inayovuta kombe la bega kuelekea uti wa mgongo, hupata neva yake kutoka C5 mara tu mzizi unapochomoza. Ili kuipima, mgonjwa alaze mkono mgongoni, au uwekewe hapo kama hawezi, kisha asukume kiwiko kuelekea nyuma huku vidole vya mchunguzi vikikandamiza kati ya kombe na uti. Kwa kijana huyu msuli unakaza chini ya vidole, bila ubishi. Basi C5 iko hai hadi pale tawi hilo linapotoka, na imekatika mbele ya hapo. Ina kisiki.

Serato ya mbele, inayoshikilia kombe la bega lisichomoze, hupata neva yake moja kwa moja kutoka C5, C6 na C7. Kwa kawaida mgonjwa husukuma ukuta. Huyu hawezi kuuinua mkono wa kusukumia, kwa hiyo mchunguzi anaushika mkono wake mbele na kumwambia aufikishe mbali zaidi. Unasogea, kwa udhaifu kidogo. Jibu hilo halitoshi kuhukumu chochote kuhusu C6, kwa kuwa C5 na C7 zinaweza kuwa zinaibebea.

Jicho la kushoto pia linatazamwa. Mwaka 1885 Augusta Klumpke, akiwa bado katika mafunzo yake Paris, alionyesha kwamba mzizi wa T1 ukiumia karibu na uti hukata njia ya neva zinazoenda jichoni: mboni husinyaa na ukope hushuka. Mboni za kijana huyu ziko sawa. T1 imesalimika, kama vidole vilivyokwisha kusema.

Kisha kifua. Neva ya freniki, inayosukuma kiwambo cha kupumulia, hukusanya nyuzi kutoka C3, C4 na C5. Eksirei ya kifua inaonyesha kiwambo cha kushoto hakijapanda juu ya kawaida yake. Hii ni habari njema kwa mapafu, na ni ushahidi mwingine kwamba C5 haikung'oka.

Mwisho wa uchunguzi wa mikono ni kugonga. Mchunguzi anagonga taratibu kwa ncha ya kidole juu ya mtulinga, na kijana anasema anahisi umeme unaelekea begani. Dalili hii ilichapishwa mwaka 1915 na watu wawili waliokuwa pande mbili za vita, Jules Tinel wa Ufaransa na Paul Hoffmann wa Ujerumani. Maana yake ni kwamba pale panapogongwa kuna ncha za nyuzi za hisia ambazo bado zimeungana na ubongo. Umeme haufiki kwenye kidole gumba. Kwa C6, hapo kuna ukimya unaotia shaka.

Kipimo kilichotoa jibu zuri lenye habari mbaya

Vipimo vya umeme wa neva havina maana kubwa siku za kwanza. Uzi wa neva uliokatika huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa kabla haujaoza, na uzi wa hisia huchukua siku kama 10 kunyamaza. Misuli iliyopoteza neva huanza kutoa mitetemo yake yenyewe baada ya takriban wiki tatu. Wiki ya nne, basi, ndiyo wakati mwafaka wa kupima.

Kidole gumba chake hakihisi kitu. Ukichoma sindano, hajui. Lakini kinapopimwa kwa mashine, neva ya hisia ya kidole hicho inapitisha umeme vizuri kabisa, sawa na mkono wa kulia. Asiyezoea angeandika kwamba neva ni nzima. Ukweli ni kinyume chake, na ni mahali ambapo ningependa kila msomaji asimame kidogo.

Kidole gumba hutegemea C6. Uzi wa hisia unaishi mradi tu umeungana na seli yake, na seli hiyo iko kwenye fundo. Mzizi wa C6 ungekuwa umekatika nje ya fundo, uzi ungetengana na seli yake, ungeoza, na mashine ingenyamaza. Mashine haikunyamaza. Uzi bado una seli yake, seli iko hai, ila habari inayofika kwenye fundo haipandi tena kwenda ubongoni. Daraja kati ya fundo na ugwe mgongo halipo. Ganzi kamili ikikutana na umeme mzuri wa hisia, maana yake ni mzizi uliong'oka.

Ushahidi mwingine unakubali. Sindano ya kupimia umeme wa misuli, ikiwekwa kwenye misuli mirefu ya nyuma ya shingo, inakuta mitetemo ya msuli uliopoteza neva. Misuli hiyo hupata matawi ya nyuma, ambayo hujitenga mara tu baada ya fundo na hayamo kabisa kwenye mtandao wa mkono. Jeraha la nje lisingeweza kuyagusa. MRI ya shingo inaonyesha kifuko cha majimaji ya ugwe kilichochomoza kwenye tundu la C6. Kifuko kama hicho peke yake hakitoshi kuthibitisha, kwa sababu utando unaweza kuchanika na mzizi ukabaki. Kikiungana na hayo mengine, hakuna tena sababu ya kusitasita.

Hukumu, basi: C5 imekatika nje ya fundo na ina kisiki, C6 imeng'oka, C7 imevutwa kidogo na inapona, C8 na T1 ni nzima. Mchanganyiko huu una sababu ya kimaumbile. Mizizi ya juu hushikwa na kano ndogo kwenye pembe za pingili, kwa hiyo mara nyingi hukatika mbele ya hapo. C8 na T1 hazina kano hizo za kutosha na hung'oka kwa urahisi zaidi. Mvutano ukiwa mkali, hata C6 hushindwa.

Muda

Seddon, daktari wa Uingereza, aligawa majeraha ya neva mwaka 1943 katika ngazi tatu: neva iliyozimika kwa mshtuko tu, neva ambayo nyuzi zake zimekufa lakini maganda yake yamebaki, na neva iliyokatika kabisa. Ya kwanza hurudi yenyewe ndani ya wiki au miezi michache. Ya pili hukua upya, takriban milimita 1 kwa siku. Ya tatu haiwezi bila upasuaji. Neno "asubiri" lililoandikwa kwenye jalada lingekuwa sahihi kwa ngazi ya kwanza. Kosa lilikuwa kuliandika bila kujua ngazi.

Hesabu ni hii. Kutoka shingoni hadi katikati ya baisepsi ni kama sentimita 25 hadi 30. Kwa milimita 1 kwa siku, huo ni mwendo wa miezi 8 hadi 10, ukiacha muda wa kuvuka mshono. Msuli uliokosa neva hupoteza polepole sehemu za kupokelea neva, na baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu neva ikifika haikuti tena mwenyeji wa kuipokea. Ndiyo maana upasuaji wa majeraha haya hupangwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya ajali. Kabla ya hapo mara nyingi unaipa nafasi misuli inayoweza kurudi yenyewe. Baada ya hapo kila wiki ina gharama. Kwa mzizi uliothibitika kung'oka, sioni sababu ya kungoja hadi mwisho wa dirisha hilo.

Wakati wa kungoja una kazi zake. Viungo vichezeshwe kila siku na mkono wa pili au na ndugu, maana bega lililoganda halitafaidika hata neva ikirudi. Mkono ubebwe, usiachwe uning'inie, kwa sababu deltoidi iliyolala huacha mfupa ushuke kutoka kwenye tundu lake. Ngozi yenye ganzi ichunguzwe. Watu huungua kidole gumba bila kujua.

Na aulizwe kuhusu maumivu, kwa maneno ya wazi, maana wagonjwa wengine hunyamaza wakidhani hawataaminiwa. Mzizi uliong'oka huacha ugwe mgongo ukipiga kelele zake wenyewe. Mtu husikia moto au kubanwa, na mara kwa mara radi ya sekunde chache, ndani ya sehemu ile ile isiyohisi sindano. Dawa za kawaida za maumivu hazisaidii sana. Amitriptilini, gabapentini na pregabalini husaidia wengine. Kwa wachache ambao maumivu hayashikiki, upo upasuaji wa kuchoma pale mizizi ya hisia inapoingilia kwenye ugwe. Kijana huyu alipoulizwa, alisema amekuwa akiamka usiku tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Upasuaji: kuazima kutoka kwa walio hai

Mwezi wa tatu kiwiko na bega bado ni 0. Anafanyiwa upasuaji mwezi wa nne.

Kwa kiwiko, njia inayofaa ni ile iliyochapishwa mwaka 1994 na Christophe Oberlin wa Paris, kwa wagonjwa wanne wa aina hii hasa, waliong'oka C5 na C6. Ndani ya neva ya ulna, juu kwenye mkono, kuna vifungu vingi vidogo vya nyuzi. Daktari huvichokonoa kwa umeme hafifu, hutafuta kimoja kinachokunja kifundo cha mkono, hukikata na kukishona kwenye tawi la baisepsi lililo karibu. Vifungu vilivyobaki huendelea na kazi ya kiganja. Faida kubwa ni umbali: mshono uko sentimita chache tu kutoka kwenye msuli, kwa hiyo safari ya miezi 10 inakuwa fupi sana. Na haya yote yanawezekana kwa sababu vidole vinacheza. Imani ya familia kuhusu vidole ilikuwa na tafsiri isiyo sahihi, lakini vidole hivyo ndivyo vilivyobeba tumaini halisi.

Kwa bega, tawi la neva ya ziada, ambayo ni neva ya kichwa na haimo kabisa kwenye mtandao huu, linahamishiwa neva ya supraskapula. Matawi ya juu ya msuli wa trapezi yanaachwa ili aendelee kuinua mabega. Kwa deltoidi kuna mjadala. Wapo wanaohamisha tawi moja la traisepsi kwenda neva ya kwapa, mbinu nzuri pale traisepsi ikiwa na nguvu kamili. Yake ni 4, na C7 bado inajikusanya. Sioni busara ya kuipunguzia. Kisiki cha C5 kinafaa zaidi. Kinafunguliwa, kinakutwa na nyuzi zenye afya, na kinaunganishwa na upande wa nyuma wa shina la juu kwa vipande vya neva ya surali iliyochukuliwa nyuma ya mguu. Mguu unabaki na ganzi kidogo pembeni mwa unyayo, jambo ambalo lazima aambiwe kabla.

Romboidi iliyokaza chini ya vidole vya mchunguzi ndiyo iliyoamua kwamba kisiki hicho kitafutwe.

Mantiki hiyo hiyo kiunoni na kwenye nyonga

Mfano mmoja unatosha. Mtu mwenye unyayo unaoning'inia anaweza kuwa amebanwa neva ya peroneo pale inapozunguka chini ya goti, au mzizi wa L5 mgongoni. Unyayo unaonekana vilevile. Mwambie ageuze unyayo kuelekea ndani: msuli huo hupata L5 kupitia neva nyingine, ya tibia. Kisha apanue mguu pembeni akiwa amelala ubavu: hiyo ni L5 kupitia neva ya juu ya matako. Vyote viwili vikiwa dhaifu, tatizo haliko gotini. Vikiwa na nguvu, acha mgongo na utazame goti. Na umeme wa hisia juu ya unyayo husomwa kama tulivyosoma wa kidole gumba: mzizi uliobanwa kati ya ugwe na fundo huuacha ukiwa mzima.

Baada ya upasuaji

Dalili ya kwanza ya baisepsi hutarajiwa kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya mshono, nayo huja kwa namna inayowashangaza wagonjwa. Kijana anapokunja kifundo cha mkono kwa nguvu kuelekea kidole cha mwisho, baisepsi inatetemeka. Anapofikiria kukunja kiwiko, hakuna kinachotokea. Ubongo bado unatuma amri ya kiwiko kwenye mzizi uliong'oka, na amri ya kifundo sasa inafika kwenye baisepsi. Mtaalamu wa fiziotherapia humfundisha afanye yote mawili kwa pamoja, mbele ya kioo, mara nyingi kwa siku, kisha apunguze kifundo taratibu. Baada ya miezi ya mazoezi wengi hukunja kiwiko bila kukiwazia kifundo.

Matarajio aliyopewa tangu mwanzo ni haya: kiwiko kifike daraja la 3 au 4 ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili, bega liinuke kwa sehemu, pengine chini ya usawa wa bega lenyewe, na kuugeuza mkono nje kuwe dhaifu. Hisia za kidole gumba huenda zisirudi, kwa kuwa hakuna kilichoshonwa kwa ajili yake. Bega lisipofika linapotakiwa baada ya miaka miwili, milango haijafungwa: sehemu ya trapezi inaweza kuhamishiwa kwenye bega, au kiungo cha bega kikaunganishwa kiwe kigumu katika mkao unaofaa, ili kombe linapozunguka libebe mkono pamoja nalo. Kwa hilo la pili, serato ya mbele na trapezi lazima ziwe na nguvu, kwa hiyo hupimwa tena kila anapokuja kliniki.